Nchi Yenye Umma wa Mtu Mmoja

Nchi ya Gubandi ina wasomi wengi, vyoo vichache, na umma mmoja. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanishika shati baadaye akidai sikumwonya. Nilifikaje huko si hoja. Mimi ni muuza kalenda, na muuza kalenda hufika popote penye ukuta na msumari. Nilikaa siku kumi na tisa, nikala nilichopewa, nikaandika nilichokiona, na pale nilipocheka nitasema wazi kwamba nilicheka.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni adabu yao ya mazungumzo. Mgubandi anaweza kuwa katikati ya sentensi, anakusimulia harusi ya bintiye, ghafla anakaza uso, anasema "Samahani," anatimua mbio. Unamsubiri. Baada ya robo saa anarudi, ametulia, jasho limemtoka kidogo kwenye paji la uso, na harusi inaendelea pale pale ilipoishia. Halafu msikilizaji aliyekaa kando yako naye anakaza uso. Siku ya kwanza niliandika kwenye daftari langu: "Watu wa hapa huheshimiana kwa kukimbia." Siku ya tatu tumbo langu likanguruma, nikawapita wenyeji wawili njiani, na niliporudi nikaifuta ile sentensi.

Nilipanga chumba kwa Bi Msimu, mama mwenye sauti nene na mwili mwembamba, anayeuza uji na maandazi mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Gubandi. Wembamba ule haukuwa wake wa asili. Picha iliyotundikwa ukutani ilimwonyesha miaka miwili nyuma akiwa ameijaza kanga yake sawasawa; sasa kanga ile ile ilimzunguka mara mbili na pindo likabaki la kujifutia mikono. Ni tumbo. Mwezi huo alikuwa amelazwa mara mbili, na kila alipotoka wodini alirudi kwenye jiko lake na kwenye maji yale yale ya kisima.

Hicho kisima lazima nikieleze, maana bila kukielewa huwezi kuwaelewa watu hawa. Kimechimbwa ndani ya ua wa Chuo, hatua thelathini kutoka baraza la maprofesa. Gubandi ina chemchemi safi nyuma ya kilima, mwendo wa dakika ishirini, lakini hakuna mtu anayejiheshimu anayeteka huko. Wanaamini kwamba elimu hupenya ardhini. Maji yaliyokaa chini ya miguu ya wasomi, wanasema, yakinywewa na mtoto hafeli hesabu. Wajawazito hupewa kikombe kila asubuhi. Kwa Bi Msimu, mteja akimaliza uji lazima ashushie na kikombe cha maji baridi ya mtungini, maji ya Chuo, la sivyo anajiona hajaamkia shughuli. Kwamba kuna kitu kutoka kwa maprofesa kinachopenya mpaka kisimani, katika hilo hawakukosea hata kidogo.

Aliyelijua hilo ni mmoja tu, mpwa wake Bi Msimu, msichana aitwaye Kidawa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika sayansi ya udongo na maji. Bi Msimu alimlea tangu hajaota meno. Asubuhi ya siku yangu ya nne nilimwona akiingia uani na ndoo kichwani, matope yamemfika magotini.

"Shikamoo, shangazi. Leo jaza mtungi kwa haya."

"Marahaba. Ya wapi hayo?"

"Ya chemchemi."

"Ya chemchemi!" Bi Msimu akashika kiuno. "Niache maji yaliyokaa na maprofesa, niwape wateja maji yaliyokaa na vyura? Unataka nifunge biashara?"

"Basi ya kisima yachemshe kwanza. Yatokote, shangazi. Yatokote mpaka yachoke."

"Niyachemshe elimu yote iondoke na mvuke? Kwa sababu gani?"

Kidawa akaitua ndoo. "Siruhusiwi kusema," akajibu kwa sauti ndogo.

"Mimi nimekulisha, nimekuogesha, nimekubeba mgongoni nikipika, leo unaniambia huruhusiwi?" Bi Msimu alikuwa anajiandaa kwa hotuba ndefu, lakini akakaza uso, akasema "Samahani," akatimua mbio. Kidawa akakaa juu ya kinu akalia. Nami nikabaki na bakuli la uji mkononi, sijui nimbembeleze au nimwachie nafasi.

Baadaye ndipo nikaelezwa sheria. Katika Gubandi, utafiti wowote ni siri mpaka uwe umeelezwa kwa Umma na Umma umeuitikia. Anayeutoboa kabla ya hapo, hata kwa mama yake mzazi, hufutwa chuoni siku hiyo hiyo. Kidawa alikuwa amemaliza utafiti wake miezi minne iliyopita na alikuwa kwenye foleni ya kuuona Umma. Miezi minne aliamka kila siku akimtazama shangazi yake akinywa, na kila siku akakaa kimya. Kama angesema, kazi ya Bi Msimu ya miaka yote ya kumsomesha ingekuwa bure. Asiposema, Bi Msimu mwenyewe anakwisha.

"Sasa huo Umma uko wapi?" nikauliza, nikidhani nitaonyeshwa soko.

Nikaonyeshwa nyumba ya ghorofa mbili yenye walinzi.

Zamani, kwa mujibu wa kumbukumbu za Baraza la Wasomi nilizosomewa na karani mmoja mpole, wanafunzi wa Gubandi walikuwa wakitumwa sokoni kueleza walichogundua. Ilikuwa patashika. Umma wa wakati huo ulikuwa wa watu wengi. Uliuliza maswali, ulikatiza, ulikuja na watoto wanaolia, na mara nyingine ulijua mambo ambayo mtafiti hakuyajua, jambo lililowaudhi sana maprofesa. Ikaundwa tume. Tume ikakaa miaka sita, ikala vizuri, ikapendekeza kwamba badala ya watu wote, ateuliwe mtu mmoja atakayekuwa Umma kwa niaba yao. Cheo chake kikaitwa Mwananchi wa Kawaida.

Akapatikana Bwana Makungu, fundi wa kushona viti vya ukili, aliyethibitishwa na wataalamu kuwa wa kawaida kuanzia kimo mpaka namna ya kukohoa. Hiyo ni miaka thelathini na moja iliyopita. Akapewa nyumba ili asisumbuliwe na watu wa kawaida. Akapewa washonaji wa serikali wanaomshonea mavazi ya kimaskini yenye viraka vya hariri. Baraza liliwahi kujadili kwa miezi mitatu iwapo aruhusiwe kusoma gazeti, likakata shauri kwamba asiruhusiwe, kwani akijua mambo atakoma kuwa wa kawaida, na kutafuta mwingine ni kazi. Kwa hiyo ndani ya Gubandi unaposikia "Umma umeelewa" au "Umma unapinga," ujue anazungumzwa mzee mmoja aliyekaa juu ya kiti.

Sheria inasema Umma ukiitikia kwa kichwa mara tatu, umeelewa. Basi. Mwanafunzi anapata shahada, utafiti unapigwa muhuri, na kila mtu anaenda kula wali.

Nilifurahi sana kusikia kwamba Chuo kina somo zima la kuwafundisha wanafunzi kuzungumza na Umma, nikaomba kuhudhuria. Mwalimu wake ni Profesa Ngwambe, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye mapenzi ya dhati na wanafunzi wake, na hilo lazima niliseme kwa haki. Mbele ya darasa kuna kiti kitupu kilichovishwa kofia. Hicho ndicho Umma wa kufanyia mazoezi. Wanafunzi husimama mmoja mmoja, wanakisujudia kidogo, wanakieleza utafiti wao.

Akasimama kijana mmoja, Shomvi, mrefu kama mlingoti na mwenye haya. "Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama," akakiambia kiti. "Mwageni maji ya kwenye makopo na vifuu, nao watapungua."

Profesa Ngwambe akashika moyo. "Bwana Shomvi! 'Mwageni'? Hivi wewe unauza samaki?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa sababu zangu.

"Tena," akasema Profesa, kwa upole wa baba. "Ukitumia neno ambalo Umma unalijua tayari, umeufundisha nini? Hakuna. Umeudharau. Umma unastahili maneno mapya, mazito, yaliyopigwa pasi. Nani atamsaidia mwenzetu?"

Akanyanyuka msichana wa mstari wa mbele, akavuta pumzi. "Viumbe-rukaji vya kundi la wafyonzadamu hudhihirisha uendelezaji wa kizazi katika mazingira-tulivu ya kimiminika, hivyo kuashiria umuhimu wa uondoshaji-shirikishi wa vihifadhi-dogo vya kimiminika hicho."

Makofi yalikuwa ya kutikisa madirisha. Shomvi akarudia neno kwa neno, akakosea mara mbili, akapita. Kona ya nyuma nilimwona mwanafunzi amevaa aproni ya jikoni. Nikaambiwa anatumikia adhabu ya wiki moja, maana alieleza ukubwa wa kijidudu fulani kwa kutumia mfano wa punje ya mtama. Aliyeongea kama mtu wa jikoni avae kama mtu wa jikoni, ndiyo kanuni.

Baada ya somo nilimsogelea Profesa. "Na Umma huwa unaelewa kweli?"

"Daima," akasema, macho yakimng'aa nyuma ya miwani. "Miaka mingi sasa hatujawahi kukosa. Zamani tulipokuwa tunazungumza kwa maneno mepesi, Bwana Makungu alikuwa mgumu sana, ana macho makavu, unamaliza hajaitikia hata mara moja. Tukaongeza uzito kidogo, akaanza kuitikia. Tukaongeza tena, akaitikia zaidi. Sasa tumefikia kiwango ambacho dakika kumi na tano zinatosha. Hiyo ndiyo sayansi, ndugu yangu! Unajaribu, unapima, unaboresha." Kisha akakaza uso, akasema "Samahani," akaniacha na kiti chenye kofia.

Zamu ya Kidawa ikatangazwa kwa siku yangu ya kumi na mbili. Kwenye ubao wa Chuo ilibandikwa anwani ya utafiti wake, nami nilisimama mbele yake nikaisoma mara nne: "Uchunguzi wa Mwingiliano-Pitishi baina ya Masalia-Hitimisho ya Kitaaluma na Hifadhi-Wima ya Kimiminika cha Jamii." Kando yangu alisimama mwalimu wa shule ya msingi, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema ni jambo kubwa hilo, akaenda kisimani kuteka.

Watu wa mtaani hawaruhusiwi kuingia Ukumbi wa Kuitikiwa, wasije wakauchanganya Umma. Ndugu wa mtahiniwa wanaruhusiwa. Bi Msimu aliingia kama shangazi, ameshika ukuta, amevaa kanga mpya iliyomning'inia. Mimi nikaandikiwa hati ya kuwa mjomba wa muda kwa saa tatu. Tukaketi. Wahudumu wakapita na masinia ya fedha wakigawa vikombe vya maji ya kisima kwa wageni na kwa Umma wenyewe, uliokuwa umekwisha kukaa kwenye kiti chake kirefu: mzee mwenye shavu jororo, viraka vya hariri magotini, sura ya mtu aliyeshiba na kuchoka. Kando yake alisimama Mhesabu Vichwa, afisa mwenye kengele.

Alianza Shomvi na mbu wake. Viumbe-rukaji vikaruka, kimiminika kikatulia, sauti ya Shomvi ikawa ya kubembelezea mtoto. Dakika ya saba kope za Mwananchi wa Kawaida zikashuka. Dakika ya tisa kichwa kikadondoka mbele, kikashtuka, kikapanda. Kengele ikalia. "Moja!" akatangaza Mhesabu Vichwa. Dakika ya kumi na moja, kichwa kikadondoka tena. "Mbili!" Nikakaza macho. Dakika ya kumi na tatu mzee alidondosha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na udenda kidogo ukafuata. "Tatu! Umma umeelewa!"

"Bi Msimu," nikanong'ona, "yule mtu amelala."

"Nyamaza, mjomba. Umma unaelewa."

Nikauma ncha ya shati langu ili nisicheke ukumbini. Kumbe miaka yote hiyo Chuo kizima kilikuwa kinaboresha, kwa vipimo na kwa bidii, namna bora zaidi ya kumlaza mzee mmoja.

Akapanda Kidawa. Hakunitazama mimi wala shangazi yake. Alishika karatasi zake kwa mikono miwili akaanza, na ole wangu, alikuwa hodari. Mwingiliano-pitishi ulitiririka. Masalia-hitimisho yakashuka katika matabaka-nyonyozi. Kwenye dakika ya sita tu kengele ikalia. "Moja!" Profesa Ngwambe, mstari wa mbele, alikuwa anatikisa mguu kwa fahari. Dakika ya nane: "Mbili!" Kwenye karatasi ya Kidawa ilikuwa imebaki aya moja, na kope za mzee zilikuwa zimeshaanza kushuka kwa mara ya tatu. Baada ya hapo angekuwa msomi, muhuri ungepigwa, naye angekuwa huru kumwambia shangazi yake chochote.

Ndipo Bi Msimu akajisikia vibaya. Nilimwona akilowa jasho, mkono tumboni. Mhudumu mmoja, kwa moyo mwema kabisa, akamletea kikombe. Bi Msimu akakipokea, akakiinua.

Kidawa akaacha kusoma. Alitazama karatasi. Alimtazama mzee, ambaye kidevu chake kilikuwa kimebakiza kidogo tu kufika kifuani. Akamtazama shangazi yake, na kikombe kikiwa kimeshafika mdomoni.

"Shangazi, usinywe! Yana mavi!"

Kichwa cha Mwananchi wa Kawaida kilichokuwa kinashuka kikasimama hewani, kikapanda, macho yakafunguka yote mawili.

"Hebu sema tena, mwanangu," akasema Bi Msimu.

Na Kidawa akasema. Karatasi zilianguka, hakuziokota. "Choo cha maprofesa kinavuja, shangazi. Shimo lake limepasuka chini, na kisima kiko hatua thelathini tu, tena upande wa mteremko. Nilichukua rangi ya kutilia ukili, ile ya zambarau, nikaimwaga chooni siku ya Jumatatu. Alhamisi ndoo ya kwanza ya kisima ikatoka zambarau."

"Yale maji ya zambarau!" Bi Msimu akasimama, ugonjwa wote umemtoka kwa mshangao. "Tukadhani elimu imezidi! Nikampa kila mteja vikombe viwili!"

"Ndiyo, shangazi. Ndiyo maana nakuomba uyachemshe. Ukiyachemsha hayadhuru. Au tuteke chemchemi mpaka choo kihamishwe."

"Mavi ya nani?" ikauliza sauti nzito, yenye kutu.

Tuligeuka wote. Alikuwa ni Mwananchi wa Kawaida. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu ateuliwe, na Mhesabu Vichwa, kwa kutojua la kufanya, aliificha kengele nyuma ya mgongo.

"Ya maprofesa, mzee," Kidawa akajibu kwa heshima.

Bwana Makungu akakitazama kikombe chake kilichobaki robo. Akakiweka sakafuni taratibu, akakisogeza mbali kwa ncha ya kidole cha mguu. "Nimenyweshwa mavi kwa sinia la fedha," akasema, "na bado mnaniambia nina bahati."

"Si mavi!" Profesa Ngwambe alikuwa amesimama, karibu analia. "Ni masalia-hitimisho!"

"Yakifika kwenye kikombe changu yanabadilika jina?"

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikaondolewa ujomba wangu papo hapo kwa amri ya mdomo, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunitoa nje, maana Baraza la Wasomi lilikuwa limeanza kujadili. Je, swali lihesabiwe kuwa kuitikia? Profesa mmoja alisema swali ni nusu ya kuitikia, kwa hiyo binti ana mbili na nusu. Mwingine akasema swali ni dalili ya kutoelewa, kwa hiyo litolewe kwenye zile mbili, abaki na moja. Wakaletewa vitabu vya sheria, vikafunuliwa, havikuwa na kifungu, kwani watunga sheria hawakuwahi kufikiri kwamba Umma unaweza kuuliza. Wajumbe wanne walikaza uso na kutoka wakikimbia, akidi ikavunjika, ikasubiriwa irudi.

Mwishowe Mhesabu Vichwa akamwinamia mzee. "Bwana Makungu, tumalize. Umeelewa?"

"Nimeelewa vizuri sana."

"Basi itikia kwa kichwa mara moja tu, binti wa watu apate shahada yake."

Mzee akafikiri. Nilimwonea huruma, maana ilionekana wazi alitaka kumsaidia. Lakini inaelekea ukishaamka baada ya miaka thelathini na moja, kulala tena si rahisi. "Siwezi kusema uongo mbele ya mtoto huyu," akasema. "Mimi huwa naitikia nikiwa nasinzia. Leo sina usingizi."

Uamuzi ukasomwa kabla ya saa sita mchana. Kidawa ameitikiwa mara mbili, amefeli. Utafiti wake haujaeleweka na Umma, kwa hiyo matokeo yake hayatambuliki, na kisima kiendelee kutumika kama kawaida. Bwana Makungu amepoteza sifa ya kuwa Mwananchi wa Kawaida, kwani mtu wa kawaida haulizi. Avuliwe viraka na nafasi itangazwe.

Tulitoka wanne: Kidawa analia wazi wazi, bila kujificha, Bi Msimu amemkumbatia, mimi nyuma, na Bwana Makungu pekupeku. Nitasema ukweli, iliniuma. Msichana yule aliipenda elimu kuliko watu wote wa jengo lile, na ndiye pekee aliyetolewa bila karatasi. Bi Msimu hakumwambia maneno ya faraja. Alimfuta uso kwa pindo la kanga, akasema tu, "Miezi minne unabeba haya peke yako, mwanangu? Na ndoo za chemchemi juu?" Na Kidawa akalia zaidi.

Bwana Makungu ndiye aliyetuvuta sokoni. Hakuwa ameliona soko kwa miaka thelathini na moja. Alipotea mara mbili kati ya mchele na dagaa. Kila aliyemsimamisha kumshangaa, alimwambia, "Msinywe maji ya Chuo, yana mavi, muulizeni huyu binti." Wakamuuliza. Wee! Kabla ya alasiri Kidawa alikuwa amesimamishwa juu ya kreti la soda, amezungukwa. Je, yakichemshwa yanafaa? Yachemke kwa muda gani? Na ya kuoshea nyanya? Na mtoto aliyekwisha kuyanywa? Mama mmoja muuza mboga akauliza kama na kisima cha msikitini kiko upande wa mteremko, Kidawa akasema hajui, kesho atakwenda kupima. Akawa anajibu huku machozi yanaendelea kutoka, anajifuta, anajibu, na kati ya swali moja na jingine nikaona meno yake. Alikuwa anacheka. Kesho yake njia ya chemchemi ilikuwa imejaa ndoo kuanzia chini ya kilima mpaka juu, watu wanasukumana na kutaniana, na vyura wamehama kwa kelele.

Baada ya siku tano tumbo langu lilitulia. La Bi Msimu likatulia. Mazungumzo ya Wagubandi yakaanza kufika mwisho. Nilisikia harusi nzima ya binti wa mtu bila mapumziko, na nikagundua kwamba ilikuwa harusi ya kuchosha.

Siku yangu ya mwisho nilipita Chuo kuaga, Kidawa akanisindikiza na birika la maji yaliyochemshwa. Kisimani hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Walikuwepo maprofesa watupu, wamejipanga na majoho yao, wanateka wenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwao, kamba inawachubua viganja. Utafiti usioitikiwa haupo, na wao ni watu wa kufuata taratibu. Mstari mwingine wa maprofesa, mrefu zaidi na wenye haraka zaidi, ulikuwa mbele ya choo. Profesa Ngwambe alisimama pembeni na kikombe, amekonda mashavu, miwani imemlegea puani.

Kidawa hakuvumilia. Yule alikuwa mwalimu wake. "Profesa, nakuomba, usinywe hayo. Ni machafu."

"Binti yangu," akajibu kwa huzuni, "unajua siwezi kupokea hoja kwa lugha hiyo."

Basi Kidawa akavuta pumzi, akasimama wima kama darasani, akamweleza upya utafiti wote kuanzia mwanzo, kwa maneno mazito kabisa aliyofundishwa, bila kukosea hata moja. Mwingiliano-pitishi, matabaka-nyonyozi, masalia-hitimisho, yote. Profesa alifumba macho kwa raha. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akaitikia mara ya pili. Akaitikia mara ya tatu, tabasamu limemjaa uso mzima, akasema, "Safi sana! Hapo umeeleweka," na akainua kikombe anywe.

Kidawa akamnyang'anya, akamwaga maji yote chini, akamjazia kikombe kutoka kwenye birika.

Profesa akatazama lile tope miguuni pake, kisha akamtazama mwanafunzi wake, amehamaki kweli kweli. "Sasa hiyo ni lugha gani, Kidawa?"

"Ni ile ile, Profesa," akasema. "Nimeifupisha tu."